Darasa la sita na la saba kumaliza pamoja 2027: maswali ya wazazi wa Moshi

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilianzia Moshi Vijijini, sasa nafundisha Manispaa, na kwa miaka mingi nimesimamia mitihani ya taifa. Tangu shule zifunguliwe mwaka huu wa 2026 naulizwa maswali yaleyale: kwenye kikao cha wazazi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Pasua, hata msibani. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ili anayeuliza apate pa kusoma, na anayeogopa kuuliza apate pia.

Mwalimu, 2027 kuna nini hasa? Watu wanasema darasa la saba limefutwa.

Darasa la saba bado lipo, ila linaelekea ukingoni. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na kwa shule ya msingi haukuingia madarasa yote kwa mkupuo. Ulianza na awali, la kwanza na la tatu. Watoto waliokuwa la tatu mwaka ule walifanya upimaji wa darasa la nne 2025, mwaka huu wako la tano, na 2027 watakuwa la sita. Hapo ndipo safari yao ya msingi inaishia, kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeishusha elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6.

Waliowatangulia kwa darasa moja, yaani waliokuwa la nne 2024, wanaendelea na mtaala wa zamani mpaka la saba. Nao la saba wanalifikia 2027 hiyohiyo. Kwa hiyo marika mawili yanamaliza mwaka mmoja, na Januari 2028 yote mawili yanaingia kidato cha kwanza.

Meku (mzee) mmoja wa Kibosho alinisikiliza nikieleza haya, akasema yeye alimaliza la nane, watoto wake la saba, wajukuu wake la sita. Alitaka kujua kama wajukuu watakuwa wamesoma kidogo. Nilimjibu kwamba hapana: elimu ya lazima sasa ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Zamani elimu ya lazima iliishia darasa la saba tu.

Watafanya mtihani mmoja?

Hapana. Masomo yao hayafanani, kwa hiyo karatasi zao haziwezi kufanana. Wa darasa la saba wana masomo sita ya mtaala wa zamani: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni daraja A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C, na C ndiyo mstari wa kufaulu.

Wa darasa la sita wana Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na Sanaa na Michezo. Maarifa ya Jamii hawaijui. Usimpe mtoto wa la tano karatasi za zamani za kaka yake ukidhani umemsaidia. Kwenye Hisabati zitamfaa kiasi, kwenye mengine zitamchanganya.

Huo wa darasa la sita utachuja watoto?

Kama kusoma hadi kidato cha nne ni lazima kwa kila mtoto, basi mtihani wa kumtoa msingi hauna haki ya kumzuia mlangoni. Kazi yake ni kuonyesha mtoto amefika wapi ili sekondari ijue pa kuanzia naye. Huo ndio msimamo wangu na nitautetea popote. Lakini nawaona walimu na wazazi wanaendelea kuuzungumzia kama chujio, na mtoto anaisikia hofu hiyo kabla hajaisikia sera.

Kwa nini una wasiwasi? Mitihani inabadilika kila siku.

Inabadilika, ndiyo. Wasiwasi wangu unatokana na nilichokiona mwenyewe, na hapa naomba uvumilivu kidogo.

Septemba 2012 mtihani wa darasa la saba ulisahihishwa kwa kompyuta kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo mtoto aliandika majibu yake kwa mkono na mwalimu akasahihisha kwa kalamu. Mwaka ule zikaja fomu za OMR, yaani fomu za majibu zinazosomwa na mashine: safu za vijiduara, ndani yake herufi A hadi E, na mtoto anasiliba kwa penseli ya HB mpaka herufi yake ifunikwe. Hata Hisabati ikawa ya kuchagua. Fomu haitakiwi kukunjwa, kulowa wala kuchanika, na akikosea afute kabisa kabla ya kusiliba upya.

Nilisimamia chumba kimoja katika shule ya mjini hapa. Dawati la tatu kutoka dirishani alikaa mvulana mwembamba mwenye shati lililofuliwa likapauka. Swali la 7 lilimshinda akaliruka, akapanga kulirudia. Kwenye karatasi ya maswali aliliruka, kwenye fomu hakuliruka. Jibu la swali la 8 akalisiliba mstari wa 7, la 9 akaliweka wa 8, akateremka hivyo hivyo mpaka alipofika thelathini na kitu ndipo mkono wake ukasimama. Msimamizi haruhusiwi kusema neno. Nilikuwa nimeliona kosa lile dakika kumi kabla yake, nikanyamaza.

Akaanza kufuta. Raba yake ilikuwa ile ya kwenye kitako cha penseli, imeshakauka. Ikapaka weusi, halafu karatasi ikaanza kutoa nyuzi. Akapunguza nguvu, akawa anafuta kijiduara kimoja kimoja huku anapuliza. Muda ulipoisha alikuwa amerudishia majibu kumi na tisa. Baadaye mwalimu wake aliniambia huyo ndiye mtoto aliyekuwa akiitwa ubaoni kuwaelekeza wenzake hesabu za sehemu. Hesabu alizijua. Fomu ndiyo hakuwahi kuishika mpaka asubuhi ile.

Miezi michache baadaye wakaumia wakubwa zao. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne cha 2012, watahiniwa 240,903 wakapata sifuri. Iliundwa tume ya Waziri Mkuu chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya. Sehemu ya tatizo ilikuwa utaratibu mpya wa kupanga madaraja, ambao shule hazikuandaliwa kuupokea. Matokeo ya 2014 yakatoka kwa wastani wa pointi, GPA, badala ya divisheni, na Januari 2016 Waziri Joyce Ndalichako akaagiza divisheni zirudi. Niambie mzazi wa Mabogini au wa Uru aliyekuwa na watoto watatu sekondari miaka hiyo alivielewaje vyeti vyao.

Simlaumu mtu kwa kubadilisha mtihani. Kompyuta ilisaidia, na baadaye maswali matano ya kuandika yakaongezwa ili mtoto aonyeshe njia, jambo ambalo walimu tulililia sana. Ninachopinga ni mtoto kuupokea utaratibu mpya siku ileile anayopimwa nao.

Sasa mimi mzazi nifanye nini? Mimi si mwalimu.

Nenda shuleni ukaulize fomati. Hilo neno lishike. Fomati ni mwongozo wa Baraza la Mitihani unaoeleza kila karatasi ina maswali mangapi, ya aina gani, kwa alama ngapi, na umahiri upi unapimwa. Muulize mwalimu wa taaluma kwa heshima: mwalimu, fomati ya mtaala mpya imefika? Mwalimu wa somo anayo nakala yake, au ipo kabatini kwa mwalimu mkuu? Nimekuta shule ambako nakala moja inakaa ofisini na walimu saba wanatunga majaribio kwa kukisia.

Swali la pili: watoto wamekwisha kusiliba fomu kama ile ya mtihani? Shule inaweza kudurufu karatasi ya mfano kwa bei ndogo tu. Ikishindikana, mzazi mwenye rula anaweza kuichora. Mimi huwachorea wangu ubaoni, kisha kila mmoja anachora ya kwake daftarini, na tunafanya zoezi la kuruka swali. Nasema makusudi, “Swali la 7 hatulijui.” Lazima kidole cha kushoto kikae mstari wa 7 kwenye fomu, mkono wa kulia uhamie wa 8. Tunarudia mpaka mikono izoee. Inachukua wiki mbili za vipindi vya mwisho.

Na penseli. Nunua HB halisi mbili, kichongeo, na raba laini nyeupe inayouzwa peke yake. Ile ya kitako cha penseli iache.

Vitabu vya mtaala mpya shuleni havitoshi.

Najua. Januari 2024 nilianza kufundisha la tatu kwa muhtasari nilioupakua kwenye simu, vitabu vikaja baadaye na kwa uwiano wa kugombania. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, bure. Kama nyumbani kuna simu janja moja, pakueni Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili, mtoto asome jioni. Kama hakuna, wazazi wanne wa mtaa mmoja wachangie kuprinti sura zinazohitajika muhula huu tu, wala si kitabu kizima.

Mwanangu yuko la sita mwaka huu na ni mzito kidogo. Arudie darasa apate nguvu?

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu wengi wataangukia kwenye shimo hili.

Mtoto aliye la sita 2026 anasoma mtaala wa zamani. Akirudia, 2027 atakuwa tena la sita, lakini la sita hilo ni la mtaala mpya. Atakutana na Historia, na Jiografia na Mazingira, ambazo wenzake wamezisoma tangu la tatu, naye atatakiwa kuzimeza kwa miezi tisa. Na atamaliza 2027 ileile ambayo angemaliza akiwa la saba. Hajapata mwaka wa ziada hata kidogo, amebadilishiwa mtihani tu.

Na aliye la saba 2027 ajue hakuna darasa la saba nyuma yake la kurudia. Wanaomfuata watakuwa wameshatoka wakiwa la sita.

Kwa hiyo mtoto mzito asaidiwe mwaka huu, sasa hivi. Mkalishe umpe aya moja ya gazeti asome kwa sauti, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake. Akikwama kwenye kusoma, basi Sayansi na Maarifa anayoshindwa hayana kosa. Anza na kusoma. Mwambie mwalimu wake ukweli ulivyo, usimfiche kwa aibu.

Nimhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza kabla ya 2027?

Kama uwezo upo na ulipanga hivyo tangu zamani, ni uamuzi wako. Kumhamisha la tano au la sita kwa sababu ya woga, hapana. Mtaala ni uleule, na mtihani unatungwa na Baraza lilelile. Atakachopata ni lugha mpya katikati ya mtaala mpya, na wewe utapata ada. Kiingereza chenyewe sasa kinafundishwa tangu la kwanza hata katika shule zetu za Kiswahili.

Januari 2028 watakaa wapi wote hao?

Swali zuri kuliko yote, na ningependa liulizwe mitaani kwa sauti. Tunao mfano wa kujifunzia. Kwa fedha za kukabili athari za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa ajili ya muhula wa Januari 2022: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Mkuu wa shule aliyekuwa na kiwanja alimaliza, aliyekuwa anasubiri kuelewana na jirani kuhusu mpaka alihangaika. Huku kwetu mlimani ndiko penye taabu, kwa sababu kihamba, yaani shamba la ukoo, hakiuzwi hovyo na shule nyingi zimezungukwa na migomba ya watu.

Darasa peke yake halitoshi. Watoto wakiwa mara mbili, matundu ya vyoo nayo yaongezwe, hasa ya wasichana, na maji, na walimu wa Hisabati na Sayansi ambao hata leo ni wachache. Nenda kwenye mkutano wa mtaa au kijiji ukaulize kata yenu itapokea watoto wangapi 2028. Takwimu zipo: wahesabiwe wa la tano na wa la sita wa leo, wajumlishwe. Ofisa elimu kata anaweza kukupa hesabu hiyo kabla chai haijapoa.

Jina la mtoto wangu kwenye orodha ya shule lina kosa. Litarekebishwa baadaye?

Rekebisha sasa. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na jina lililo kwenye mfumo ndilo litakalomfuata kwenye mtihani, sekondari, hadi cheti. Peleka nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa mwalimu mkuu, ombeni pamoja kuliona jina kwenye mfumo kwa macho, herufi kwa herufi. Majina yetu ya ukoo ndiyo yanayoharibika zaidi. Na kama unahamia Arusha au Dar, hakikisha uhamisho unafanyika kwenye mfumo. Barua ya mkononi haitoshi.

Binti yangu haoni vizuri. Hizo fomu za vijiduara ataziwezaje?

Baraza lina karatasi za maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu kwa wasioona, na huwaongezea muda. Lakini lazima mahitaji yake yaandikwe wakati wa usajili. Akisajiliwa kama wengine, siku ya mtihani msimamizi hana cha kumpa. Apimwe macho mwaka huu, hospitali ya KCMC au nyingine iliyo karibu nawe, na ripoti ifike shuleni. Walimu wa shule ya msingi Mwereni, hapa Manispaa, wana uzoefu mrefu na watoto wasioona. Mwalimu wako hatakosa la kujifunza akiwauliza.

Tuisheni na kambi?

Kambi ya mtoto wa miaka 11 siipendi. Atoke shule, ale, acheze, asome saa moja, alale. Tuisheni ya kukaririshwa majibu ya mtihani wa zamani kwa mtoto wa mtaala mpya ni kutupa hela. Kama kuna mwalimu anayeijua fomati na ana watoto kumi badala ya sitini, hiyo ni habari nyingine.

Mtoto wa la sita ataiweza sekondari akiwa mdogo hivyo?

Ataingia akiwa na miaka 12 au 13, akae na wa miaka 13 au 14 waliotoka la saba. Shule za kata ambazo mtoto hutembea kutoka Kiborloni au Njoro zitampokea kila siku, kwa hiyo umbali unahesabika. Kama njia ni ndefu, jueni mapema anatembea na nani. Kozi ya utangulizi ya Kiingereza ya kidato cha kwanza ndiyo daraja lake, asikose hata wiki moja ya mwanzo kwa sababu ya sare haijashonwa. Mtangulize na viatu vya zamani.

Huko atakuta pia mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Amali si jalala la walioshindwa. Kijana anatoka na elimu ya kidato cha nne na ufundi mkononi, na Moshi ni mji unaoijua thamani ya shule ya ufundi.

Nina wawili: mmoja la sita, mmoja la tano. Ina maana watamaliza pamoja?

Ndiyo, mama. Mkubwa atatoka la saba na mdogo la sita, mwaka mmoja, na wataripoti kidato cha kwanza pamoja. Ada hakuna, lakini sare ni jozi mbili, madaftari mara mbili, madawati mawili kama shule inayadai, michango ya chakula mara mbili.

Aliyeniuliza hili ni mama wa Njoro anayeuza ndizi Mbuyuni. Hesabu ya fedha aliielewa haraka na ameshaanza kuweka akiba kwenye kikundi chao. Kilichomsumbua ni mkubwa. Kijana amesikia kwamba mdogo wake “atamfikia”, na tangu siku hiyo hataki wafanye kazi za shule meza moja.

Nilimwomba aniletee wote wawili Jumamosi. Nikamwambia kijana kwamba hajashuka hata ngazi moja. Ni mdogo wake aliyejengewa ngazi fupi. Kisha nikampa karatasi, rula na penseli, nikamwomba amchoree mdogo wake fomu ya vijiduara arobaini na kumfundisha zoezi la swali la 7, kwa sababu yeye ameshalifanya kwangu. Alichora polepole, mistari imenyooka. Mdogo akasiliba, akaruka la 7, akateleza. Kaka yake akaushika mkono wa kushoto wa mdogo wake, akakirudisha kidole mstari unaotakiwa, akamwambia aanze tena.